Wimbo hukopa mizani kabla ya kukopa maneno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika hivi karibuni kwamba wanamuziki wa siku hizi wanauvunjia heshima ushairi wa kale kwa kuutia ngoma na vinanda vya umeme, na kwamba ingekuwa vyema tungo za mababu, pamoja na tamthiliya zinazosomwa shuleni, zikaachwa vitabuni zilimo. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 32 katika shule za sekondari mkoani Tanga, na sitaficha kwamba zamani nilikuwa na mawazo kama yake. Niliwahi hata kumtoa darasani kijana mmoja kwa sababu hiyo, kisa ambacho nitakifikia. Lakini kadiri nilivyozidi kusikiliza ndivyo nilivyoona kwamba tunabishana bila kwanza kujiuliza jambo moja: wimbo unapokopa kwa shairi au kwa mchezo wa kuigiza, hukopa nini hasa?

Nianze na muziki ambao mwenzangu, akiwa amewahi kuhudhuria harusi ya kanisani hata mara moja, hawezi kusema haujui. Maharusi wanapogeuka kutoka madhabahuni, kinanda hulia kwanza noti zilezile kwa haraka, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kisha sauti nzima hufunguka na watu wakaanza vigelegele. Matarumbeta huuchukua juu ya gari la wazi lililofungwa riboni, na siku hizi wengine huutoa kwenye simu. Muziki huo ulitungwa kwa ajili ya tamthiliya, tena tamthiliya ya kuchekesha, ambamo mfumaji wa nguo anageuzwa kichwa kuwa cha punda na bado malkia wa viumbe wa msituni anampenda. Ni A Midsummer Night's Dream ya William Shakespeare, iliyoandikwa miaka ya 1590. Mjerumani Felix Mendelssohn aliisoma akiwa kijana, na mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 17, akaitungia muziki wa ufunguzi ambamo fidla zinalia kama punda, sawasawa, wala huhitaji kuambiwa na mtu. Mwaka 1842, kwa agizo la mfalme wa Prussia, akaongeza muziki wa kuchezea tamthiliya nzima, na ndani yake ukawamo huu wa harusi, unaopigwa kabla ya sehemu ya mwisho ya mchezo. Januari 1858 binti mkubwa wa Malkia Victoria aliolewa London na mwanamfalme wa Prussia, ukapigwa pale, na tangu siku hiyo ukawa mali ya kila mwenye kuoa.

Mwaka huo huo wa 1858, kwa hesabu ya watafiti wengi, huku kwetu mwanamke wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, aliyekuwa mgonjwa kwa mwaka mzima alimwita binti yake, Mwana Hashima, akamwambia asogee akae karibu na alete wino na karatasi, akamtungia wasia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, na utenzi wake wa beti 102 wanafunzi wetu wangali wakiusoma. Sidai kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Pate na London hazikusikilizana siku hiyo. Lakini kila ninapoukumbuka mwaka ule huwaona mama wawili na mabinti wawili, mmoja akitoka kanisani kwa muziki uliozaliwa na tamthiliya, mwingine akipewa maneno ambayo tayari yalikuwa na muziki ndani yake, na hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Tazama Mendelssohn alichokichukua. Hakuchukua hata neno moja la Shakespeare katika muziki ule wa harusi, kwani hauimbwi. Alichokichukua ni mahali: pale ambapo wapenzi waliopoteana msituni wamepatana, mchezo umefika kwenye ndoa, na jukwaa linahitaji pumzi kubwa kabla pazia halijafunguliwa tena. Wapo waliochukua hadithi yenyewe, nami sibishi. Giuseppe Verdi wa Italia alitoa opera tatu kwa Shakespeare, Macbeth mwaka 1847, Otello mwaka 1887 na Falstaff mwaka 1893 alipokuwa akikaribia miaka 80. Hata hivyo ili Otello iimbike ilibidi sehemu nzima ya kwanza ya tamthiliya, ile inayotokea Venisi, ikatwe. Ukichukua hadithi lazima uchukue na kisu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Duke Ellington, kwa sababu yeye alihesabu. Mwaka 1957 mwanamuziki huyu wa jazi wa Marekani, pamoja na mwenzake Billy Strayhorn, walitoa albamu ya vipande 12 vilivyotokana na watu wa Shakespeare, nayo wakaiita Such Sweet Thunder, maneno waliyoyaokota katika ile ile tamthiliya ya punda na maharusi. Katika albamu hiyo vipande vinne vimepewa jina la soneti, aina ya shairi fupi la Kizungu. Msomaji atakumbuka kwamba soneti ya Shakespeare ina mishororo 14, na kila mshororo kwa kawaida una silabi 10. Basi katika vipande vile vinne ala inayoongoza hupiga vifungu 14, na kila kifungu kina noti 10. Hakuna anayeimba, hakuna neno hata moja, ila ukikaa na kalamu ukahesabu utaiona soneti imesimama wima kama nyumba isiyo na samani. Mojawapo ni soneti ya Kaizari, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria mchezo wake mwaka 1963, nayo inapigwa kwa klarineti, taratibu, kama mtu anayetembea akijua anakokwenda kuna visu. Niliposikia kipande hicho kwa mara ya kwanza nilihesabu kwa vidole, nikapotea, nikarudia, nikapotea tena, na mara ya tatu nikafika 14. Mtu wa dansi la New York ameheshimu mizani ya mshairi, yaani hesabu ya silabi zake, kuliko baadhi yetu tunaojiita walinzi wa bahari za ushairi, yaani aina zake.

Maneno yenyewe, Mhariri, ni kitu kinachoweza hata kusahaulika. Mwaka 1728 Mwingereza John Gay alionyesha London mchezo wenye nyimbo juu ya ombaomba, wezi na jambazi mmoja mtanashati. Baada ya miaka 200 kamili, mwaka 1928, Bertolt Brecht na Kurt Weill waliufumua na kuufuma upya mjini Berlin, na ukatoka humo wimbo wa jambazi yule na kisu chake. Louis Armstrong aliuchukua mwaka 1955 akaufanya jazi, Bobby Darin akaufanya mwaka 1959 wimbo wa vijana wa kila redio. Kisha Februari 1960 Ella Fitzgerald akauimba mbele ya watu mjini Berlin, mji ule ule ulikozaliwa, na katikati ya wimbo maneno yakamtoka kabisa. Hakunyamaza. Alitunga mengine papo hapo, akikiri ndani ya wimbo kwamba ameyasahau, na kila kifungu alichokibuni kilitua mahali pake kwenye pigo lake. Rekodi ya usiku ule ikampatia tuzo. Maneno yaliondoka, mizani ikabaki, na wimbo haukuanguka. Malenga wa kwetu wanaojibizana kwenye ngoma wanaujua ujuzi huu vizuri, ingawa hakuna aliyewapa tuzo.

Sasa nirudi darasani. Ilikuwa mwaka 1996, kidato cha tatu, saa ya mwisho kabla ya chakula, na kwa wiki mbili nzima nilikuwa nikijaribu kuwafanya wanafunzi 45 wakariri beti 10 za Mwana Kupona. Waliusoma ubeti huu kwa sauti ya watu wanaobeba mawe:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia.

Nyuma kabisa kijana mmoja akaanza kugonga dawati kwa kalamu na kifundo cha kidole, tu-ta, tu-ta. Wakati huo muziki wa kufokafoka ulikuwa umeshaingia mjini na vijana walikuwa hawasikii kitu kingine. Nikaona ananidhihaki mimi na marehemu bibi wa Pate kwa pamoja, nikamtoa nje. Alipofika nje, chini ya dirisha, aliendelea. Akaufoka ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, wa tatu, hakukosea mahali, na wenzake waliokuwa ndani wakaanza kumwitikia kwenye ule mshororo wa nne unaobeba kina cha utenzi mzima. Mimi nilisimama na chaki mkononi. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa neno moja, yaani «binti». Kila mwaka wanafunzi huhesabu mshororo ule wakapata mizani saba, wakaja kuniambia kwamba bibi alikosea, kwa kuwa wanaimeza ile «n». Yule kijana hakuimeza. Aliipa pigo lake lenyewe, bi-n-ti, kwa sababu ngoma aliyokuwa akiipiga ilikuwa na mapigo manne, kila pigo silabi mbili, na bila ile «n» mguu wake ungebaki hewani. Nilichoshindwa kukifundisha kwa ubao kwa miaka mingi alikifundisha kwa kalamu ya wino kwa dakika mbili, nami nilikuwa nimemfukuza.

Mwenzangu anayetaka tenzi ziachwe vitabuni nadhani amesahau kwamba kitabu ndicho kilichokuja mwisho. Shairi la Kiswahili halikutungwa lisomwe kwa macho. Lilighaniwa, na kila bahari ilikuwa na mahadhi yake. Mtu wa Lamu au Mvita angeweza kukuambia, kabla hajakusikia maneno, kama unachonong'ona ni utenzi au ni shairi la mizani 16. Ndiyo maana nasema wanamuziki hawajaingia katika nyumba ya watu. Wamerudi katika nyumba waliyoihama. Na taarabu ndiyo ushahidi wa karibu. Katika majumba ya masultani wa Unguja iliimbwa kwa Kiarabu, hata alipokuja binti wa mfinyanzi kutoka Fumba, Siti binti Saad, akaiimba kwa Kiswahili, kwa beti zenye vina na mizani ambazo mchukuzi wa bandarini na mke wa tajiri waliweza kuzielewa pamoja. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikarudi na kuenea pwani yote. Shaaban Robert, mshairi wa hapa kwetu Tanga, aliona maisha ya Siti yanastahili kitabu, akakiandika. Wimbo wa Siti wa muhogo wa Jang'ombe ulifika kinywani mwa Bi Kidude, akauimba kwa sauti ile ya mkwaruzo mpaka uzeeni mwake, na leo vijana wa Unguja wanaupiga kwa gitaa la besi. Mombasa nako, Ahmad Nassir Juma Bhalo alitunga, na jamaa yake Juma Bhalo akaimba. Wazee wengi wa rika langu walihifadhi mashairi ya yule wa kwanza kwa kumsikiliza yule wa pili, hawajapata kukishika kitabu.

Sisemi kwamba kila anayekopa hukopa vizuri. Zipo nyimbo mpya ambazo mtu amechukua mishororo miwili ya utenzi maarufu, akaibandika mwanzoni kama picha ya babu ukutani, kisha akaendelea na yake yasiyo na vina wala mizani, silabi zikisukumana mlangoni kama abiria wa daladala ya jioni. Hapo nakubaliana na mwenzangu kwamba kuna utovu wa adabu. Lakini tatizo lake halimo katika ngoma wala katika kinanda cha umeme; yule mtu amechukua maneno akaacha mizani, yaani amechukua kile ambacho kingeweza kusahaulika bila madhara. Ukimsikiliza Mrisho Mpoto anavyoghani juu ya ala, uupende muziki wake au usiupende, utasikia mtu anayejua pumzi inaishia wapi.

Nina kisa kimoja cha kwangu mwenyewe, nami nakitoa ili nisionekane nasimama mbali na moto. Mwaka 1987 nilikitungia kikundi kimoja cha taarabu, ambacho sitakitaja, shairi la beti sita lililoanza hivi: «Nimechoka kungojea, mlangoni nimekaa.» Mizani nane, mizani nane, kama inavyotakiwa. Kanda ilipotoka nikaona vitu viwili. Kwanza, juu ya karatasi yake kulikuwa na jina la mwimbaji na jina la kikundi, basi. La mtunzi wa maneno halikuwapo, na nilipouliza niliambiwa kwamba watu hununua sauti. Pili, walikuwa wamelikata neno langu. Mwimbaji alisema «Nimechoka», akanyamaza. Fidla ikaingia peke yake, ikalia mizani nne kamili pale palipokuwa na «kungojea». Ndipo akaendelea, «mlangoni nimekaa».

Jambo la kwanza lilinikasirisha na linanikasirisha mpaka leo. La pili lilinikasirisha kwa muda wa juma moja hivi. Baadaye nilianza kuusikia wimbo ule kwenye harusi za mitaani, nikaona kila fidla ilipoingia akina mama walikuwa wakitikisa vichwa, na nikakiri moyoni kwamba kungojea kunasikika zaidi kuliko nilivyokuwa nimekuandika. Yule mpiga fidla hakuniibia mizani hata moja. Alizihesabu zote nne, akazilipa kwa nyuzi. Aliyeniibia ni yule aliyeandika karatasi ya kanda.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwako si la kuwazuia vijana wasiguse tungo za kale, bali ni dogo na liko ndani ya uwezo wako. Gazeti lako huchapisha mashairi ya wasomaji, kila moja na jina la mtunzi wake, kama magazeti yetu yalivyofanya tangu enzi za Mambo Leo katika miaka ya 1920. Lakini ukifungua ukurasa wa burudani katika toleo lile lile, wimbo una mwimbaji, una mtayarishaji, una hata mbunifu wa mavazi, ila aliyeyatunga maneno hayumo. Naomba waandishi wako wa burudani waulize swali moja la ziada kila wanapoandika habari za wimbo: maneno ni ya nani? Na pale wimbo unapotokana na utenzi, shairi au tamthiliya, kitajwe na chanzo chake, ili kijana aliyeupenda wimbo ajue mlango wa kurudia.

Na kama kuna msomaji, hasa wa Tanga, Pangani au Pemba, ambaye bado ana kanda ya wimbo unaoanza kwa maneno niliyoyanukuu, naomba aniandikie kupitia kwako. Yangu ililiwa na redio kaseti zamani. Sitafuti jina langu. Nataka kuisikia tena ile fidla.

Mimi msomaji wako,

Mwalimu mstaafu,
Tanga